Uani kwa Mama Yosefa Hakuna Moshi

Jumamosi, 4 Juni

Nimefua, nimeanika, upepo ukaangusha nusu ya nguo kwenye vumbi. Nimefua tena. Ipagala hii na upepo wake wa Juni! Bando nimenunua mapema, simu imejaa chaji. Jumamosi jioni sina mgeni wala safari. Nina chaneli yangu ya simuni, Uani kwa Mama Yosefa, basi.

Leo kapika mlenda na ugali wa uwele. Ameanza na moshi kama kawaida. Kamera inatazama moshi tu, halafu yeye anatokea humo akikohoa na kucheka. Anaeleza kwa Kiswahili, akinogewa anahamia Kisandawe, na hapo ndipo mimi naongeza sauti. Katikati ya mapishi kaingia mchungaji wa kanisa, mtu mzee, kapiga hodi. Mama Yosefa kamwitikia kwa lugha yetu, kidoko kimoja, ule mlio wa ulimi kwenye meno, kisha neno lenyewe. Maana yake umefika, kaa, kiti hiki ni chako. Mama yangu aliwaambia wageni hivyohivyo. Tangu tumzike, hakuna mtu wa kuniambia tena. Kaka yuko Geita, tukipigiana ni Kiswahili, habari za kazi na kwaheri. Lugha ile naisikia huku tu, kwenye simu, mara moja kwa wiki.

Na naisikiliza kwa hedifoni. Mlango umefungwa, niko peke yangu, bado naweka hedifoni. Ukuta wa pili anakaa Bi Zuhura, mjane wa Korogwe, masikio yake hayapitwi. Akisikia vidoko atauliza ni lugha gani. Nimemwambia mimi Mrangi wa Kondoa. Ofisini pia nimewaambia hivyo. Shule ya bweni walituita mijusi kwa sababu ya vidoko vyetu, nikaamua kuwa Mrangi, mambo yakaisha. Warangi hawana habari kwamba wana ndugu wa kubandika.

Jumapili, 5 Juni

Kanisani, kisha kulala. Jioni nilipitia chaneli nilizokuwa nazipenda. Makaburi matupu. Fundi redio wa Manyoni alikatika ghafla, redio iko mezani imefunguliwa tumbo, akasema ngoja nilete waya. Hajarudi. Ile redio iko wazi mpaka leo. Yule dada wa Mpwapwa wa kusuka ukili aliaga vizuri, akasema anaolewa. Wale vijana wawili wa baiskeli waligombana, mmoja akaendelea peke yake kwa aibu aibu, naye akaacha.

Kila mmoja nilimtazama kwa muda mrefu na sikuwahi kumwandikia hata asante. Naona ni kujishusha. Mtu mzima na kazi yake, aandike "hongera fundi" kwenye komenti?

Mama Yosefa yeye hawezi kuacha. Huyo ana maneno ya miaka.

Jumanne, 7 Juni

Niandike tu.

Chai ya saa nne. Kessy kaja na simu juu. Kessy ana meza inayotazamana na yangu. Anakaa Area D, mtu wa watu, hakuna kichekesho kinachozaliwa mji huu kisimpitie yeye kwanza. "Njooni muone mama wa kijijini anavyomsonya mchungaji wa watu!"

Alikuwa Mama Yosefa. Kuna mtu kakata klipu. Hodi ya mchungaji, kidoko, uso wa mama, mwisho. Neno limekatwa, kiti kimekatwa. Kidoko chenyewe wamekivuta kwenye mashine mpaka kikawa kirefu. Kwa sikio la mtu asiyejua, ni msonyo. Tena msonyo wa dharau, ule wa kumpandisha mtu na kumshusha.

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Kazi yetu sisi ni kusikiliza vikao vilivyorekodiwa na kuviandika neno kwa neno. Wakubwa wakicheka tunaweka kwenye mabano: Kicheko. Leo ningejaza ukurasa.

Halafu Kessy akanigeukia. "Agnesi, si wa huko huko Kondoa wewe? Hebu tuambie, kasema nini?"

Wote wakanitazama. Ilikuwa nafasi yangu. Hiyo ni salamu. Ningesema hivyo tu ningerudi kwenye chai yangu. Nikasema, "Mimi Mrangi bwana, ya kwao siyajui. Kasonya tu."

Kasonya tu. Mdomo huu huu. Halafu nikacheka nao, nikamaliza andazi.

Jumatano, 8 Juni

Kumbe kuna zaidi. Kessy kaisambaza ile klipu kwenye ukurasa wake, na chini yake kaandika: "Tumemuuliza mtu wa huko huko, amethibitisha. Ni msonyo." Mtu wa huko huko ni mimi.

Komenti hazihesabiki. Mama hana adabu. Mama jeuri. Uzee wote huo hajui kumheshimu mtumishi wa Mungu. Aliyejaribu kusema kuna lugha za vidoko huko kwetu wamemwambia akae kimya, mwenyeji ameshasema. Mwenyeji!

Kessy ananipigia saluti kila nikipita. "Shahidi wetu huyo." Nikatabasamu. Nina uso mkavu, sijui nilijifunza wapi.

Ijumaa, 10 Juni

Mama Yosefa ametoa video, na si siku yake. Hakuna moshi. Hakuna chungu. Amekaa kwenye kiti, amejifunga kitenge kipya kama mtu aliyeitwa baraza la kata. Mchungaji kakaa pembeni yake, anatikisa kichwa kukubali kila neno. Akasema kwa Kiswahili cha pole pole, anachagua. "Wanangu, sijamsonya mchungaji. Ile ni sauti ya lugha yetu. Ndivyo tunavyomkaribisha mtu. Wapo watoto wetu huko mjini wanaijua. Naomba wawaambie."

Naomba wawaambie. Kanitazama machoni. Najua alikuwa anaitazama simu. Kanitazama mimi.

Komenti ya kwanza kabisa chini yake: "Mtoto wenu wa mjini ndiye kasema umesonya, bibi." Na vikatuni vya kucheka. Kuhusu mchungaji wanasema kapewa kuku.

Nilitupa simu kitandani kama imeniunguza. Nimejisikia mchafu. Sijala.

Jumamosi, 11 Juni

Hakuna video. Nimefungua ukurasa, nimefunga, nimefungua. Labda mtandao. Nikapanda juu ya kiti kutafuta mtandao. Mtandao upo tele. Ni yeye ambaye hayupo.

Jumatatu, 13 Juni

Niliandika komenti. Ndefu, nzuri, yenye nukta na mkato, kazi yangu hiyo. Nikaeleza kidoko ni nini, neno ni lipi, linaambiwa nani. Nikaiacha kwa muda wa kuchemsha maji. Halafu nikaifuta.

Najificha kwa jina la Binti wa Kati huko mtandaoni. Nani atamwamini Binti wa Kati? Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya kweli ni kwamba niliogopa Kessy ataitambua mikato yangu.

Mwoga. Niliandike tena nilione vizuri. Mwoga.

Jumamosi, 18 Juni

Kimya tena. Nimetazama za zamani. Ile ya kuchuja asali. Ile anapomgombeza mbuzi kwa lugha ya kwetu, mbuzi anasikia kabisa, anateremka kwenye kichuguu. Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikajikasirikia kwa kulia. Nani alikutuma?

Nilitoa hedifoni nikajaribu kulisema lile neno la kumkaribisha mgeni. Kwa sauti ya chini. Khaa! Ulimi haukwenda. Kidoko kinatoka kimelowa, kinajivuta. Enzi mama yangu alipokuwa hai tulisema mambo yote kwa lugha hiyo, ugomvi, umbea, sala. Sasa ulimi umelala kama mguu uliokaliwa.

Bi Zuhura akagonga ukuta. Akauliza kama kuna panya. Nikasema ndiyo, yupo panya.

Jumapili, 19 Juni

Nimempigia. Namba yake ipo kwenye video za asali, kwa wanaotaka kuagiza. Kapokea. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Sauti yake bila moshi ni ndogo sana.

Nikasema mimi ni mtazamaji wake, namuulizia hali. Akasema afadhali nimeongea. Wapo wanaopiga, wanamsonya tu sikioni, wanakata. Watoto wa watu, akasema, sijui nimewakosea nini. Nikamuuliza lini atawasha tena moshi. Akasema moshi anauwasha kila siku, lazima ale, lakini simu ya kurekodia kaifungia kwenye sanduku. Tena hata nyumbani akitaka kusema kikwetu, ulimi unasita. Anaogopa kuna mtu anasikia vibaya. Nyumbani kwake mwenyewe! Yule mama aliyekuwa anawagombeza mbuzi bila kupumua!

Halafu akaniuliza, "Na wewe mwanangu, mtu wa wapi?"

Nikasema Mrangi wa Kondoa.

Mara ya pili. Na safari hii hapakuwa na Kessy, hapakuwa na wa kunicheka. Tulikuwa sisi wawili tu, na nikamkana. Akasema, "Haya, wasalimie wa huko." Nikakata simu nikakaa sakafuni.

Kumnyamazisha mtu si mpaka umzibe mdomo. Mimi nimetumia maneno mawili tu na andazi mkononi.

Jumatano, 22 Juni

Nimesema.

Sikupanga. Chai ya saa nne, Kessy kaiga tena. Siku hizi kila kitu kinasonywa: feni ikigoma inasonywa, mkubwa akipita anasonywa mgongoni. Ni mchezo wa ofisi. Nikaweka kikombe chini. Nikasema ile si msonyo, ni salamu. Nikasema mimi ni Msandawe, baba Msandawe, mama Msandawe, nimeanza Kiswahili darasa la kwanza. Nikasema nilidanganya.

Kikao kizima kimekosa mabano.

Kessy alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Sasa dada, mbona hukusema siku ile?" Hakuuliza kwa ubaya. Alishangaa kweli. Nikasema niliona aibu. Akaangalia chai yake. Akasema yeye alikuwa anatania tu, hakujua. Kweli hakujua. Kati yetu aliyekuwa anajua ni mmoja.

Akafuta ile posti mbele yangu. Akaandika nyingine, kwamba amekosea, kwamba mwenyeji kasema ni salamu. Ila klipu imeshabebwa na wengine, iko kila mahali. Hii ya kusahihisha haijachekesha, haijabebwa na mtu. Nikaandika na mimi chini yake, kwa majina yangu yote matatu. Mtu mmoja akajibu: "Jana msonyo, leo salamu, mmelipwa?"

Jioni Kessy akanitania mlangoni, "Msandawe wetu, kesho utufundishe." Nilitaka kukasirika nikashindwa. Anajaribu.

Ijumaa, 24 Juni

Loh. Loh. Nijifiche wapi mimi.

Nilisema nikishaumbuka ofisini, kilichobaki ni rahisi. Nimpigie mama, nimsalimie kwa lugha yake, nimwambie mimi ni wa kwao. Nikajizoeza nikiwa njiani kutoka kazini, kwenye kichochoro cha nyuma ya mashine ya kusaga, kelele zinanificha. Nikaona sasa kidoko kimekaa. Nikaingia ndani, nikapiga.

Kapokea. Sikutaka kuanza na shikamoo, nilitaka asikie kikwetu kwanza. Nikavuta pumzi, nikaanza. Ulimi ukateleza. Ukashika meno, ukavuta. Nimesikia mwenyewe kilichotoka.

Nimemsonya.

Msonyo halisi, mrefu, wenye mate. Neno lenyewe halikufuata. Upande wa pili akavuta pumzi kidogo, kama mtu aliyemwagiwa maji. Hakunitukana. Akasema tu, kwa Kiswahili, "Na wewe pia." Akakata.

Nikapiga, imezimwa. Nikapiga, imezimwa.

Namba yangu aliiona. Anajua ni yule wa Kondoa aliyejidai kumjulia hali.

Jumamosi, 25 Juni

Ni siku ya video, na sikufungua ukurasa kutafuta. Sina haki hiyo.

Nimemtumia ujumbe. Nimeuandika bila mikato ya ofisi. Mama shikamoo sikukusonya jana nilikuwa nakusalimu ulimi wangu umekufa. Mimi ni Msandawe nilikuficha. Yule mtu wa huko huko aliyesema umesonya ni mimi pia. Sina cha kujitetea.

Nikaubonyeza uende kabla sijaweka nukta. Nimefua nguo safi.

Jumanne, 28 Juni

Hajajibu. Ujumbe umefika, alama inaonyesha. Asipojibu ni sawa. Nisingejibu mimi.

Jamaa mmoja wa masijala kaja mezani kwangu, mtu wa Chemba, miaka yote tunapishana kwenye korido. Kumbe na yeye! Kasema alisikia. Kasema na yeye alijua ile ni salamu, siku ile ile, na alinyamaza. Tukatazamana. Hatukuthubutu hata kuamkiana kikwetu, kila mmoja anamwogopa mwenzake ulimi. Akarudi kwenye mafaili yake.

Alhamisi, 30 Juni

Imeingia sauti kutoka kwa Mama Yosefa. Fupi.

Nimeogopa kuifungua nikiwa ofisini. Nikaibeba kwenye mkoba mchana kutwa. Nimefika nyumbani, nimevua viatu, nimekaa.

Hakuna salamu, hakuna jina langu, hakuna nimekusamehe. Kuna kuku kwa mbali. Kisha lile neno. Kalisema taratibu, kidoko peke yake kwanza, kikavu, kisha neno. Akarudia. Akarudia tena, pole pole zaidi, kama anamfundisha mtoto anayeng'oka meno. Mwishoni akasema, "Ndivyo." Akazima.

Sijui kama hiyo ni huruma au ni kunipiga. Nimeisikiliza kwa hedifoni, nikakumbuka ni za kujifichia, nikazing'oa.

Jumapili, 3 Julai

Jana ilikuwa Jumamosi. Uani kwa Mama Yosefa hakuna moshi. Nadhani hautarudi. Video ya mwisho ni ile ya kitenge kipya, na komenti zake zimeendelea kukaa pale, na redio ya fundi wa Manyoni imeendelea kukaa wazi. Nimewaandikia wote wawili leo. Fundi nimemwambia asante. Mama nimemwandikia hapo hapo hadharani, kwa jina langu, lile lile nililomwambia kwenye ujumbe. Hakuna aliyejibu.

Jioni upepo umetulia. Nimefungua mlango, nimekaa kizingitini nachambua mlenda, simu iko sakafuni, sauti ya Mama Yosefa ya Alhamisi inajirudia bila hedifoni. Naye anasema, nami nasema. Yeye kikavu, mimi bado majimaji.

Bi Zuhura katoka na kanga yake mabegani. Kasimama. Akauliza kwa ukali wa kimama, "Nani anakusonya humo ndani, mwanangu?"

Nikamwamkia kwanza. Nikamwambia hakuna anayenisonya. Ni salamu ya kwetu, mimi ni Msandawe, Urangi nilimwongopea. Nilijua atauliza kwa nini, na hakuuliza. Akauliza tu inasemwaje kwa mgeni aliyefika mlangoni.

Nikanyanyuka nikamwachia kigoda. Nikalisema. Halikutoka vizuri, lakini alikaa.